Duara la Migongo

Kabla hajajua hata kutamka jina lake, mtoto wangu wa mwisho alikuwa mbunge. Aliyempa cheo hicho ni jirani yangu, mama mmoja mchangamfu aliyehamia Bunia kutoka upande wa Butembo, ambaye alikuwa akiuza fretini, wale samaki wadogo waliokaushwa, mbele ya nyumba yake. Kila asubuhi akiniona napita na mtoto mgongoni alikuwa anaacha beseni lake na kupiga makofi.

"Onorabulu! Muone mashavu! Weye mama, uko unamupa nini huyu mutoto? Siye tunakauka, yeye anatafuta kiti ku Kinshasa!"

Huku kwetu ndivyo tunavyowaita wabunge, na kila mtu anajua kwamba mbunge ni mashavu kwanza. Basi jina likashika. Watoto wa mtaa walimsalimu kwa kupiga saluti, naye aliwatazama bila kucheka, kama wabunge wenyewe wanavyotutazama. Mimi nilifurahi, niseme ukweli. Nilifurahi mpaka mwendo wangu ukabadilika. Msimu ule hapakuwa na mtu mtaani kwetu Mbunya aliyekuwa na kitu cha kuringia, na mimi nilikuwa na mtoto mnene.

Naukumbuka msimu ule kama ndoto ya mchana, ile inayokujia ukiwa umekaa na macho wazi. Ukungu ulikuwa unashuka asubuhi na kulala juu ya mabati, hauna haraka, nami nilikaa mlangoni bila haraka vilevile, kwa sababu jikoni hapakuwa na kitu cha kunisubiri. Njaa ya siku nyingi haiumi kama watu wanavyodhani. Inayouma ni ya siku ya kwanza. Baadaye inageuka kuwa kitu laini. Masikio yanasikia mbali, pikipiki za barabarani zinalia kama ziko chini ya maji, na mtu anaweza kumtazama kuku wa jirani nusu saa nzima bila kuwaza lolote baya juu yake. Hapana, hilo la kuku ni uwongo. Niliwaza.

Mume wangu alikuwa ameenda kwenye machimbo ya Kilo kuchimba dhahabu, na habari zake zilikuwa zimekatika. Shamba letu lilikuwa kwenye barabara ya Nyankunde, na wakati ule wa vita aliyetaka kufika kule ilimpasa kwanza awaage watu wake. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kwangu kwa miguu, bila ng'ombe hata mmoja kati ya wale aliokuwa akiwaita kwa majina, akiwa amewashika mkono wajukuu wawili, watoto wa shemeji yangu. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa. Mimi nilikuwa na watoto watatu. Tukawa wanawake wawili, watoto watano na sufuria moja. Tulikula bugali ya mihogo na sombe, majani ya mihogo yenyewe, siku nyingine bugali na mchicha wetu wa lenga-lenga, siku nyingine bugali na chumvi. Matumbo yalijaa. Hilo ndilo lililonidanganya, kwamba hakuna aliyelala bila kumega bugali.

Mama mkwe alikuwa na desturi aliyokuja nayo kutoka kijijini, kitu pekee ambacho hakikuungua. Asubuhi, kabla ya mtu kunawa uso, kila mtoto alipaswa kusema ameota nini. Zamani, aliniambia, watoto wake walikuwa wanaota ng'ombe na mito. Msimu ule, watoto wa nyumbani kwangu waliota chakula tu.

"Niliota nyama ya mbuzi, koko," anasema mmoja. Koko ndiyo bibi.

"Na siye ulitupatia?"

"Nilibapatia bote."

"Bote?"

"Bote. Mama nilimupa maini."

Hapo tunashukuru wote, mimi kwa maini, mkubwa kwa paja, mdogo kwa mfupa wenye mafuta ndani. Mtoto akikiri kwamba alikula akaamka kabla ya kugawa, mama mkwe anamwonyesha mkeka. "Rudia kulala. Uende ugawe." Na mtoto anarudi kweli, anafumba macho kwa nguvu, nasi tunangoja mpaka agawe. Nimekula vizuri sana asubuhi zile. Sijala vile tena.

Onorabulu peke yake ndiye hakuwa na ndoto. Alikuwa na miaka miwili na kidogo, na maneno yake manne au matano aliyokuwa nayo yalikuwa yamepotea moja baada ya jingine. Ulipomweka ndipo ulipomkuta. Hakulilia chakula. Nywele zake zilibadilika rangi, zikawa nyekundu na nyepesi kama ndevu za mahindi, na jirani yangu akasema anageuka kuwa mzungu. Mimi niliwaambia watu ametulia, ni mtoto mpole, hanisumbui.

Siku moja nilikuwa kwenye robine, bomba la maji la mtaa, nimepanga bidoni, dumu langu, kwenye mstari, mtoto mgongoni. Nilihisi mtu nyuma yangu anamshika mguu. Nikageuka. Alikuwa mwanamke mmoja wa makamo niliyemjua kwa sura, muuguzi wa kituo cha afya, amekuja kuchota maji kama sisi. Alikuwa ameufinya ule mguu kwa kidole gumba, juu ya kifundo. Akakiondoa kidole. Sikuona kilichobaki kwa sababu kilikuwa nyuma yangu, lakini niliuona uso wake.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "huyu haiko munene. Iko na maji mu mwili. Hii ni bwaki."

Bwaki ni neno ambalo kwetu hulitaki karibu na nyumba yako. Ni ugonjwa wa mtoto asiyelishwa. Nilimtukana yule mwanamke. Nilimtukana mbele ya mstari mzima, nikamwambia aende akafinye miguu ya mama yake, nikamwambia wivu utamuua, na nikajitwika bidoni langu likiwa nusu. Nina hasira za karibu, watu wangu wote wanajua, ila siku ile hasira zilinitoka haraka mno, na njiani nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwa nini.

Nyumbani nilimweka mtoto kizingitini penye mwanga. Nikafinya mwenyewe. Shimo likabaki pale, la ukubwa wa kidole changu, kama udongo mbichi umekanyagwa na mbuzi. Nikafinya mguu wa pili. Nikakaa nikingoja mashimo yajae. Mtoto aliyatazama pamoja nami, bila kulia, kana kwamba miguu ni ya mtu mwingine.

Kesho yake mapema nilikuwa kwenye kituo. Muuguzi ni yuleyule. Hakusema neno juu ya mama yake, alicheka kwa upande mmoja tu wa mdomo, akamvua mtoto nguo, akampima kilo, akamzungushia mkononi ile kamba ya rangi tatu ya kupimia unene wa mkono, kisha akafungua sanduku la karatasi. Akanipa sasheti, vipakiti vyekundu vya kukunjika vyenye karanga iliyosagwa na maziwa na sukari na mafuta. Tatu kwa siku. Na kila juma nirudishe sasheti tupu, zote, azihesabu, ndipo anipe nyingine.

"Ni ya huyu mutoto tu," akasema. "Haiko chakula. Ni dawa."

"Na bale bengine bakimuangalia?"

"Umufiche."

Niliibeba ile "umufiche" mpaka nyumbani kama kitu kizito kuliko sasheti zenyewe. Nilijua itafikia wapi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua sombe, na nilipomweleza, alisimama. Yeye husimama mara chache sana.

"Kumuficha? Mu hii nyumba?" akasema. "Mutu anakulaka ya kujificha, siye tunamuitaka nani? Tunamuitaka mulozi. Mutoto iko na miaka mbili, unataka aanze kula nyuma ya mulango?"

"Mama, ni dawa."

Akachukua sasheti moja, akaitoboa pembeni, akaonja kwa ncha ya kidole. Alifumba macho kidogo.

"Dawa haikuwaka tamu," akasema, na mashauri yakaishia hapo.

Nisimlaumu yeye. Nilikubali kwa furaha, kwa sababu na mimi nililelewa hivyo. Kwetu unaweza kukosa viatu, unaweza kukosa mlango, lakini mtoto akila mbele ya wenzake wanaomeza mate, mtaa mzima utalisema mpaka kwenye matanga yako. Basi tukagawa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa fundi wa kugawa, amegawa ng'ombe wa mahari na kuku wa Krismasi maisha yake yote bila mtu kununa. Watoto walikaa kwenye mstari, mgonjwa kwanza, naye akapata kidogo zaidi ya wengine, kisha kila mmoja kidole chake. Hakuna aliyesukuma. Ilikuwa haki kabisa, na nilikaa nikiitazama haki ile huku machozi ya shukrani yakinilengalenga, mjinga mimi.

Kuna jingine, na hili naliandika polepole. Kazi ya kutunza sasheti tupu ilikuwa yangu. Nilikuwa naenda nazo nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nazipasua kwa wembe pande tatu, nazifungua kama daftari, halafu nalamba. Nilijiambia nazisafisha zisivutie sisimizi. Nilianzia pembeni nikaenda katikati, na ule utamu wa karanga na maziwa ulikuwa unanipanda kichwani mpaka majani ya migomba yanang'aa, mpaka nasikia mama yangu aliyekufa ananiita nije kula. Nilikuwa nasimama pale muda mrefu. Nilirudi ndani nikiwa nimeshiba ndoto, na sasheti ziko safi mkononi, zimekunjwa vizuri.

Juma la kwanza maji yalimtoka mtoto. Mashavu yakaisha siku mbili tatu tu, na chini yake tukamwona mtoto mwingine ambaye hatukumjua, wa mifupa na macho. Jirani yangu alituona asubuhi akaanza kwa mazoea.

"Oh! Onorabulu amepoteza kiti!"

Halafu akatazama vizuri. Alijifunika mdomo kwa mkono wenye magamba ya samaki. Tangu siku ile hakulitamka tena lile jina, na jioni alileta kikombe cha fretini, akakiweka kizingitini bila kubisha hodi, akaenda zake.

Muuguzi alisema kutokwa na maji ni vizuri, sasa inabaki kilo kupanda. Juma la pili haikupanda. Juma la tatu haikupanda pia. Alimpima mara mbili, akasogeza mzani mahali pengine, akampima tena. Mtoto alining'inia kwenye ile suruali ya mzani kama nguo iliyoanikwa. Muuguzi akaniomba sasheti tupu.

Nikampa kifurushi changu. Alizipanga mezani moja moja, kisha akachukua za mama aliyekuwa mbele yangu, akaziweka kando yake.

"Ni nani amekula?" akaniuliza.

"Ni yeye," nikasema.

Akainua sasheti yangu moja dirishani. Jua lilipita. Za yule mama mwingine zilikuwa zimekamuliwa pembeni tu, zimepindika, zina mchanga na nywele na alama za meno madogo. Za kwangu zilikuwa zimefunguliwa, zinang'aa.

"Mama," akasema bila kupandisha sauti. "Mutoto wa miaka mbili anakulaka na mashavu, na pua, na nguo. Sasheti yake inarudiaka buchafu. Juu ya hii yako naweza kuandikia barua. Hii ni ulimi ya mukubwa."

Mama mmoja nyuma yangu alicheka. Wa pili akacheka. Halafu kicheko kikakatika, na nilipogeuka niliwaona wawili watatu wakisukuma vifurushi vyao chini ya vikwembe walivyojifunga. Niliitafuta hasira yangu, ile ya kwenye robine. Nilikuwa tayari kabisa kuitumia. Haikuwepo.

"Sitakudanganya," muuguzi akaendelea, sasa akimtazama mtoto, si mimi. "Juma ijayo kilo ikibakia vile, ninamutuma ku hopitali. Na bale tunatuma wakati iko hivi, bengine habarudiake."

Nilirudi kwa miguu mchana ule katika vumbi jekundu, na sikumbuki barabara. Nakumbuka tu uzito mgongoni, kwamba haukuwepo. Mara mbili nilipeleka mkono nyuma kuhakikisha hajaanguka.

Nilimwambia mama mkwe yote. Nilimwambia kilo, nilimwambia hospitali, na nilimwambia ulimi. La mwisho lilinichukua muda. Aliendelea kuosha mihogo. Sikujua kama anakasirika au anaona haya kwa niaba yangu. Mwishowe akauliza:

"Ilikuwa tamu?"

"Sana, mama."

"Mimi pia nililambaka kidole kisha kugawa," akasema. "Kila siku."

Akamgeukia mtoto aliyekaa ukutani pale nilipomweka, akamtazama. Nilidhani atasema nimfiche sasa, nimpeleke nyuma ya mlango, na ningefanya. Lakini hakuwa mtu wa kuvunja kitu chake kwa sababu mtu wa kituo amesema. Aliinuka, akatandika mkeka uani, akambeba mtoto mwenyewe na kumkalisha katikati, akatoboa sasheti pembeni, akaiweka mikononi mwake. Kisha akawaita wengine.

"Mukuje bote. Mukae hapa, mumuzunguke. Mabega ishikane." Watoto wakakaa, tayari wanameza mate. "Hapana! Mugeuke. Mugongo kwake, macho inje."

Wakageuka. Yeye akaketi kwenye pengo moja, akanionyesha jingine. Tukawa sita, watoto wanne na wanawake wawili, mabega yamegusana, tumempa mtoto migongo yetu.

"Sasa hakuna mutu anakula peke yake," akasema. "Na hakuna mutu anaficha. Siye bote tuko hapa. Lakini mwenye atageuka, nitamupiga na huyu muiko."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu, asubuhi, mchana na jioni kabla ya jua kuzama. Mkeka ukitandikwa tu uani, watoto wanakimbia kila mmoja kwenye nafasi yake. Harufu ya karanga ilikuwa inatupita juu ya mabega. Zaidi ya harufu kulikuwa na sauti, kunyonya na kunong'ona kwa ile karatasi, na sauti hiyo ilikuwa mateso. Mtoto wa shemeji, mkubwa wao, alilia siku ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, kimya kimya, bega lake likitetemeka kwenye langu, na hakugeuka. Mama mkwe akaona dawa yake. Akahamisha ndoto. Badala ya asubuhi, tulianza kuzisema kwenye duara, kwa sauti kubwa, ili kuifunika ile sauti ya nyuma yetu. Basi mbele ya macho yetu kulikuwa na ukuta, mgomba na barabara, na katikati ya mbuzi wa kuota na wali wa kuota, nyuma ya migongo yetu, mtu mmoja alikuwa anakula kweli.

Jirani yangu alisimama siku moja na beseni lake kichwani.

"Muko munachunga nini?"

"Tunachunga mutoto," mama mkwe akamjibu.

Akaelewa au hakuelewa, sijui. Kesho yake alikuja, akalitua beseni, akaingia kati yangu na mwanangu mkubwa, akageuza uso nje. Ana mgongo mpana sana. Alikaa mpaka mwisho bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani mwangu.

Juma lilipoisha nilipeleka kifurushi changu kituoni. Sasheti zilikuwa zimepindika, zina mchanga, moja ina unyoya wa kuku. Muuguzi alizishika kwa ncha za vidole akacheka, safari hii kwa pande zote mbili za mdomo. "Hizi sasa!" Akampima mtoto. Sindano ya mzani ilisogea. Ilisogea kidogo tu, lakini aliniita niione kwa macho yangu, akaandika, na hakusema hospitali. Alisema bado. Alisema mtoto hatembei, hasemi, hachezi, bado. Nikarudi na sasheti za juma jingine, na hofu yangu ileile, imepungua kidogo tu.

Tuliendelea hivyo. Siku zilikuwa zinafanana mno hivi kwamba sasa ninapozikumbuka naona siku moja ndefu, duara lilelile, kivuli chetu kinazunguka mkeka polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lakini kuna alasiri moja ambayo imesimama peke yake.

Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa ziwa. Binti yangu wa pili alikuwa anasimulia ndoto ndefu ya maandazi. Jirani hakuwepo siku ile. Nikatambua kwamba nyuma yangu hakuna sauti. Hakuna kunyonya, hakuna karatasi. Binti yangu naye akatambua, akaacha maandazi hewani. Tukakaa hivyo, wote sita, tukisikiliza. Upepo ulipita kwenye migomba. Nilidhani amekufa. Nalisema kama lilivyokuwa: nilidhani mwanangu amekufa nyuma ya mgongo wangu wakati mimi natazama ukuta, kwa sababu niliambiwa nisigeuke.

Kisha kitu kikanigusa begani. Chepesi, chenye kunata. Kikashika, kikaegemea, na nikahisi uzito ukipanda pale taratibu, uzito kidogo wa mtu anayejisimamisha. Mama mkwe aliye kando yangu alivuta pumzi, hakugeuka. Mtoto alijipenyeza kati ya bega lake na langu, akatusukuma kwa goti, akatoka nje ya duara. Hatua moja. Ya pili. Alizunguka, akiwa amenishika goti, mpaka akasimama mbele yangu, na nikaona uso wake.

Ulikuwa umepakwa karanga kuanzia paji mpaka kidevu. Mkono mmoja umeshika sasheti, bado nusu imejaa. Kidole cha mkono wa pili alikuwa amekichovya ndani mpaka kwenye kiungo, na alikuwa amekiinua mbele ya mdomo wangu.

"Mama," akasema. "Kula."

Maneno mawili. Miezi yote ile hakuwa na hata moja.

Kichwani nilimsikia muuguzi: ya huyu mutoto tu. Na mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu kwa miguu yake mwenyewe anafanya lile tu tulilomfundisha nyumba nzima, anagawa, na nikikataa atajifunza nini kwangu? Harufu ilikuwa imenifikia. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani. Nina haya kusema jinsi mate yalivyojaa, mbele ya mtoto aliyefufuka, mate yakajaa kama ya mbwa.

Nikafungua mdomo. Kidole kikaingia. Nikafunga midomo pole pole kukizunguka, ili aone mama anakula, na ulimi wangu, ule ulimi uliosafisha sasheti mpaka zikafaa kuandikiwa barua, nikaurudisha nyuma mpaka kooni na kuushika pale. Machozi yalinitoka kwa nguvu ya kuushika. Nikakiachilia kidole kikiwa vilevile kilivyoingia.

"Tamu sana," nikasema. "Sasa weye."

Alinitazama kidogo, akapima kama nasema kweli. Kisha akatia kidole kinywani mwake, akakinyonya hadi mwisho, akakaa chini kwenye mapaja yangu na kuimalizia sasheti pale, nje ya duara, mbele ya kila mtu ambaye hakuwa anatazama.

Matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga mabati. Hakuna aliyeondoka.

"Ni nani amekula?" akauliza mama mkwe, macho yake bado ukutani.

"Ni yeye," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.